Kisanduku cha Nne

Wilber alipiga simu Jumapili mchana, mkewe Nélida akiwa anamenya viazi. Akauliza hali ya mama yake, akauliza kama dawa za nyonga bado zipo, kisha, alipokaribia kukata, akasema kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu, "Naona dada yako siku hizi hana haraka ya kurudi kwake. Jana kakaa hapo mpaka giza limeingia."

Nélida alibaki na kisu mkononi. Ni kweli Yovana alikuja jana yake, wakanywa chai, wakazungumza mambo ya wakili na talaka ya Nélida mpaka jioni. Lakini Nélida hakuwa amemwambia mtu. Na Wilber mwenyewe jana alikuwa mgodini, huko juu milimani, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka Arequipa. Alitaka kumuuliza amejuaje, akaona akimuuliza atakuwa amemfurahisha. Akasema sufuria inafurika, akakata simu.

Halikuwa jambo la kwanza. Kuna siku alimwambia aache kukesha na simu, macho yataharibika. Siku nyingine alimuuliza yule mgeni wa Jumatano ni nani, na mgeni mwenyewe alikuwa fundi wa bomba. Mwanzoni Nélida alidhani majirani ndio wanaopeleka maneno. Akaanza kuwatazama kwa jicho baya watu waliomsalimia vizuri miaka yote, hata akaacha kununua mkate kwa mama wa nyumba ya pili.

Wilber alikuwa ameondoka mwenyewe, wakati wa mvua za Januari. Walikuwa wamegombana, akavunja vyombo, akambana Nélida ukutani na kumshika koo kwa muda ambao Nélida hakupenda kuukumbuka, kisha akachukua begi na kusema atarudi akijisikia. Nélida naye angeondoka, ila wiki ileile mama mkwe wake, Doña Eudocia, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kikongwe hakuwa na mwingine wa kumwogesha. Wala Nélida hakuwa na kinyongo naye. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, wakila supu meza moja na kucheka mambo yaleyale ya kwenye redio. Akabaki.

Nyumba ilikuwa ya Doña Eudocia, kule Yanahuara, mtaa mmoja wa Arequipa, ya zamani, ya jiwe jeupe la volkano, kuta zake nene kama urefu wa mkono. Kuta hizo zilizuia baridi, zilizuia makelele, na zilizuia waifai. Ruta ikikaa sebuleni, intaneti ilikuwa inafia mlangoni. Wilber alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano mgodini, na katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa alichimbua vigae vya ua, akapitisha kebo chini kwa chini, akafunga visanduku vitatu vya kusambaza waifai: kimoja sebuleni, kimoja jikoni kwenye ua wa pili, kimoja chumbani kwa mama yake, nyuma kabisa. Vilikuwa vyeupe, bapa kama sahani, kila kimoja na duara la taa ya buluu. Mtu aliweza kutembea nyumba nzima akiongea kwenye simu bila kukatika. Wakati ule Nélida aliiona kuwa zawadi, naye aliieleza hivyo kwa kila aliyekuja.

Aliihitaji kwa sababu kazi yake ilikuwa humo. Nélida alizaliwa juu huko Caylloma, kwa wafugaji wa alpaka, na Kikechua alikinyonya kwa mama yake. Kwenye vituo vya afya vya milimani walipelekwa manesi kutoka pwani wasiojua neno hata moja la wagonjwa wao. Akija mgonjwa asiyejua Kihispania, nesi hubonyeza namba, na uso wa Nélida hutokea kwenye kioo, akitafsiri huku na huku. Kazi ya kukaa, lakini ilimchosha kuliko kubeba kuni.

Siku chache baada ya simu ile ya Jumapili alipokea mwito wa mama aliyekuwa akijifungua. Damu ilikuwa nyingi. Nesi, msichana mdogo, alitaka kujua kama uzazi uliopita nao ulikuwa hivyo, na kama kuna dawa za mitishamba alizokunywa. Mama yule akajibu kwa sauti ya chini sana, Nélida akamsikia, akafungua mdomo kuyapeleka yale maneno kwa nesi, na picha ikaganda. Nesi akabaki na mdomo wazi kwenye kioo. Nélida akainua macho. Taa ya kisanduku cha sebuleni ilikuwa imegeuka nyeupe: intaneti imekatika.

Alipanda mbio juu ya dari na simu yake ya mkononi, akazunguka katikati ya kamba za nguo akitafuta mahali penye mtandao wa simu. Alipopata njia ya kurudi, nesi alikuwa analia. Mama na mtoto walinusurika. Aliposhuka alikuta ujumbe wa Wilber: *Intaneti inasumbua? Ukiniomba kwa adabu nitaitengeneza nikiwa hukuhuku.* Hakujibu. Alikuwa bado anausoma wakati taa iliporudi kuwa buluu.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba si majirani.

Akaenda kwa Yovana, na kwa simu ya Yovana akampigia Edilberto, kijana wa ofisi yao ya ukalimani aliyekuwa akishughulikia kompyuta zao. Edilberto alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza taratibu. Visanduku vyote vitatu, na ruta, vinaitii akaunti moja, na akaunti hiyo iko kwenye simu ya Wilber. Popote alipo anaweza kuvizima na kuviwasha. Na anaona kila simu iliyounganishwa, ya nani, na kwenye kisanduku kipi. Simu ya dada mtu ikiingia tu, inaandikwa. Ikiondoka, inaandikwa.

"Kwa hiyo nikitoka sebuleni kwenda jikoni?" Nélida akauliza.

"Simu yako inahama kisanduku," Edilberto akasema. "Anakuona ukihama."

Miezi yote hiyo Wilber alikuwa akitembea naye chumba kwa chumba.

Kung'oa kila kitu kusingefaa, kwani angekosa kazi. Lakini Edilberto alisema ukifuta kumbukumbu za kifaa kwa kubonyeza kitufe kilichofichwa kwenye tundu, kinakuwa kama kimetoka dukani, hakimjui tena bwana wake wa zamani, na mtu wa kwanza kukichukua ndiye mwenyewe. Mkataba wa laini, bahati nzuri, ulikuwa kwa jina la Doña Eudocia, na Nélida ndiye aliyekuwa akiulipia. Kilichotakiwa ni kufanya vyote kwa mkupuo, na siku ambayo Wilber yuko mbali, maana ruta ikizimika tu simu yake itamwambia. Nélida akajifunza hatua zote kwa moyo kama mtoto anayejifunza sala. Zamu ya Wilber aliijua. Alhamisi ile angekuwa mgodini.

Alhamisi asubuhi alimpa Doña Eudocia uji na mkate, akamwambia kwamba intaneti itakatika kidogo, anaisafisha. Hakumwambia zaidi. Kikongwe akamtazama juu ya miwani, akasema sawa mwanangu, akaendelea kuchovya mkate.

Nélida akafunga mlango wa sebule. Akachomoa kwanza waya wa nje, ili Wilber asiweze kuingia katikati ya kazi. Akachukua sindano ya kushonea magunia, akaisukuma kwenye tundu la ruta, akaishikilia huko. Ikiwa ameelewa vibaya, basi ameua kitu asichojua kukifufua, na mwito ukija milimani atakuwa hayupo. Taa zikazimika zote. Kwa muda hakukuwa na chochote. Kisha moja ikaanza kupepesa, ikafuata ya pili.

Akaenda kwenye kisanduku cha sebuleni, akakigeuza, akafanya vilevile. Cha jikoni kilikuwa juu, chini ya paa la ua, akapanda ngazi akiwa amebana sindano kwa meno. Cha tatu kilikuwa juu ya kabati la nguo chumbani kwa Doña Eudocia. Kikongwe alikuwa amerudi kitandani, rozari mkononi, akamfuata kwa macho bila kuuliza kitu. Nélida akarudi sebuleni, akaunganisha waya wa nje, akafungua akaunti kwa jina lake, akavipokea vifaa vyake kimoja baada ya kingine. Vikawaka buluu. Mtandao akaupa jina la mto wa kwao na nenosiri refu la Kikechua ambalo Wilber asingeweza hata kulitamka.

Akaketi. Kifua kilikuwa kimemfunguka, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta tangu Januari. Ili kuhakikisha tu, akafungua simu kutazama mitandao inayoonekana. Ulikuwepo wa duka la dawa. Ulikuwepo wake. Na chini yake, kwa herufi zilezile za siku zote, ulikuwepo *Casa Llerena*, yaani Nyumba ya Llerena, mtandao ule wa zamani wa Wilber aliokuwa ameufuta.

Akafikiri simu imekwama. Akaizima, akaiwasha. *Casa Llerena* bado ilikuwepo, mbali kidogo, mstari mmoja tu wa nguvu. Haikuwezekana. Visanduku vilikuwa vitatu na vyote vitatu ameshika kwa mikono yake. Kama huo ulikuwa unarushwa, basi kuna kitu kinaurusha.

Akasimama, akaanza kutembea ameishika simu mbele yake kama mtu anayebeba mshumaa kwenye upepo. Ua wa kwanza, mstari mmoja. Jikoni, miwili. Kwenye kijia cha kwenda nyuma, miwili, kisha mitatu. Alipofika mlangoni kwa mama mkwe wake mistari yote ilikuwa imejaa.

Akaingia. Akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akapapasa nyuma ya mapazia. Doña Eudocia aliendelea na rozari yake, midomo ikienda bila sauti. Nélida alipoanza kuvuta meza ya dawa, shanga zikasimama.

"Kiko nyuma ya Bikira," kikongwe akasema.

Nyuma ya picha ya Bikira wa Chapi, ile kubwa yenye fremu ya bati, palikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi sabuni ya kufulia. Kilikuwa na laini yake yenyewe ya simu, hakikuhitaji ruta ya mtu. Lakini waya mwembamba ulitoka humo ukashuka mpaka kwenye tundu la kebo ukutani, na kwa waya huo kilikuwa kimeingia ndani ya mtandao wa nyumba. Ule wa zamani, na sasa hivi huu mpya.

"Alikileta Pasaka," Doña Eudocia akasema. "Wewe ulikuwa sokoni. Aliniambia hata nyumba ikikatika intaneti yote, mimi nitabaki naye. Nikaona ni jambo jema, mtoto kumjali mama yake."

"Mama ulijua kinafanya nini?"

"Mambo ya mitambo siyajui." Akasogeza shanga moja. "Ila jioni hunipigia akaniuliza nani kaja, nani kaondoka, wewe umeshinda wapi. Nami humwambia. Ni mwanangu, Nélida. Akiniuliza nitamficha?"

Mkono wa Nélida ulikuwa tayari kwenye waya. Alimwosha mwanamke huyu kila asubuhi, alimkata kucha. Alitamani kung'oa lile dude pamoja na Bikira wake. Badala yake akauachia waya.

"Chumba ni chako," akasema. "Sing'oi kitu kwako bila ruhusa yako. Lakini nikuulize, mama. Wiki ile nilipopanda darini nikikimbia, unakumbuka? Ni yeye aliyenikatia. Kulikuwa na mama anatokwa na damu."

Doña Eudocia akamtazama. Akafungua mdomo kujibu, na kengele ya geti ikalia.

Ikalia tena, ndefu. Halafu simu ya kikongwe ikaanza kutetemeka juu ya blanketi, jina la Wilber likiwa kwenye kioo. Hakuwa mgodini. Baadaye walisikia kwamba alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake na alikuwa amekaa siku mbili kwenye chumba chake cha kupanga huko Cayma, jirani tu na Yanahuara. Kupitia kile cheusi alikuwa ameona visanduku vyake vinatoweka kimoja kimoja.

"Mfungulie," Doña Eudocia akasema. Alipomwona Nélida hajisogezi, akaongeza, "Siwezi kumwacha mwanangu barabarani majirani wakitazama. Mfungulie, mwanangu, nakuomba."

Nélida akapiga moyo konde. Kabla ya kwenda getini alimtumia Yovana ujumbe wa neno moja, walilokuwa wamekubaliana liwe la kuomba msaada. Kisha akafungua.

Wilber aliingia akitabasamu, amevaa koti lake la mgodini, nywele zimechanwa. Akamsalimia kama mpangaji anavyomsalimia mwenye nyumba, akampita, akaenda moja kwa moja sebuleni. Alipoona taa zinawaka na simu yake haiingii, tabasamu likapungua.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza."

"Hivi vitu vinaharibika mtu asiyejua akivishika, Nélida. Nipe nenosiri, nivipange vizuri, niondoke. Sitaki ugomvi."

"Sikupi."

Akavuta kiti akaketi, miguu ameinyoosha, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Akaanza kusema kwa upole. Kwamba nyumba hii ni ya mama yake, kwamba kila waya umepita kwenye mikono yake, kwamba yeye Nélida ni mgeni anayevumiliwa. Nélida alisimama karibu na mlango, mgongo umegusa ukuta, akajilazimisha kusogea mbele hatua moja kwa sababu hakupenda ule ukuta. Na hapo kompyuta ikaita. Mwito kutoka milimani.

Wilber akatazama kioo, akamtazama yeye. "Pokea basi," akasema. "Au unaogopa utakatika?"

Akapokea. Akavaa kifaa cha masikioni upande mmoja, sikio la pili akaliacha wazi. Kwenye kioo palikuwa na nesi mwanamume, na nyuma yake mama mwenye kofia ya tarizi, amempakata mtoto wa kiume ambaye mate yalikuwa yanamtoka mdomoni na macho yamelegea. Nesi alisema mtoto amekunywa kitu, hajui ni nini, mama anasema na kusema na yeye haelewi.

Nélida akamgeukia mama kwa Kikechua, akamwita dada, akamwambia aseme polepole. Mama akasema walikuwa wanaogesha kondoo. Mtoto alikuta chupa.

Nyuma yake kiti kikasogea. Hakugeuka. Alisikia viatu vya Wilber vikitoka, vikikata ua, vikielekea ua wa pili. Alijua kule kuna nini. Swichi kuu ya umeme wa nyumba nzima ilikuwa kule, ukutani, kando ya mlango wa jikoni.

"Muulize chupa ikoje," nesi akasema. "Rangi, picha, chochote."

Nélida akauliza. Mama akasema karatasi ilikuwa imebanduka, haina picha. Katika sikio la wazi Nélida akasikia mlio mwingine, wa chuma juu ya vigae, tok, kisha kitu kikiburutwa, kisha tok. Ilikuwa ile fremu ya kutembelea ya Doña Eudocia, ambaye tangu avunjike hakuwahi kuvuka ua bila kushikwa.

"Mama, toka hapo, utaanguka," sauti ya Wilber.

"Basi nianguke."

"Harufu," Nélida akamwambia mama wa kwenye kioo, kwa Kikechua. "Dada, inanuka nini? Ninusishe kwa maneno."

"Nataka tu kuzima kidogo niwashe. Ni mtambo, mama, unahitaji hivyo."

"Kuna mtu anaongea na mgonjwa humo ndani. Ninamsikia mpaka hapa."

Mama wa milimani akafikiri, akamnusa mtoto mdomoni. Kama kitunguu saumu, akasema. Kitunguu saumu kikali. Nélida akayageuza maneno kwa Kihispania, akaona uso wa nesi ukibadilika. Sasa alijua ni sumu ya kuogeshea mifugo. Akampigia kelele mtu asiyeonekana alete dawa fulani, haraka, na akamwambia Nélida amuulize mama uzito wa mtoto, na kama ametapika.

Uani Doña Eudocia akaanza kusema, bila kupandisha sauti, na Nélida alikuwa akisikia nusu ya kila sentensi, nusu nyingine akiwa milimani.

"Baba yako aliifunga simu ya nyumba hii kwa kufuli. Kufuli dogo, kwenye tundu la namba moja, nisiweze kuzungusha namba. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Akienda kazini anaondoka na ufunguo. Mama yangu alipougua walinipigia nikapokea, wakaniambia tupigie jioni utupe jibu kama unakuja. Nitawapigiaje? Nilikaa mbele ya simu ile kama mjinga. Walimzika mimi nikiwa nimekaa hapo."

"Mama, hayo yanahusu nini."

"Miaka yote hii nilikuwa najivuna kwamba mwanangu amefunga mitambo. Kumbe umefunga kufuli."

Kwenye kioo mtoto alianza kukohoa. Nesi mwingine aliingia na sindano. Nélida akaendelea kumwambia mama yule amshike mtoto kwa ubavu, asimlaze chali, azidi kumwita jina. Taa ya buluu juu ya mlango iliendelea kuwaka. Kila pumzi aliyovuta aliitazama.

"Ukitaka kuzima," Doña Eudocia akasema, "nitoe wewe mwenyewe kwa mikono yako. Mimi sitoki."

Hakumtoa. Nélida alisikia kishindo, kitu kikivunjwa, lakini intaneti haikukatika. Viatu vikarudi kwa kasi. Wilber akapita sebuleni, kisanduku cha jikoni kikiwa mkononi mwake, kimeng'olewa na vipande vya plasta, waya unaburuta nyuma.

"Hiki nilinunua mimi," akasema. Nélida hakumwangalia. Alikuwa anamwambia mama wa milimani kwamba gari la wagonjwa limeshatoka mjini. Geti likabamizwa.

Mwito ulipokwisha mtoto alikuwa hai, anapakiwa. Kama alifika, kama alipona, Nélida hakuambiwa. Wakalimani hawaambiwi. Akavua kifaa cha sikioni, akakimbia uani. Doña Eudocia alikuwa bado amesimama mbele ya swichi, mikono yote miwili kwenye fremu.

"Nishike sasa," akasema, "maana nimemaliza."

Yovana alipofika, na askari mmoja mwanamke aliyemchukua njiani, aliwakuta wameketi jikoni kwenye benchi moja. Askari akaandika aliyoyaandika. Wakili baadaye alisema yatafaa, na yalifaa kiasi: Wilber alikatazwa kufika pale bila taarifa. Kesi yenyewe ya talaka ilijikokota mpaka mwaka uliofuata.

Jioni ileile Doña Eudocia alimwambia Nélida amshushe Bikira. Akauchomoa waya mwenyewe, kisha akakishika kile kisanduku cheusi mapajani kwa muda mrefu, akikigeuzageuza. Aliuliza kama bila hicho hatamwona tena mwanawe. Nélida angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemlaumu. Akasema atatafuta njia.

Kesho yake alimpigia Edilberto kuuliza kama inawezekana, na ikawezekana. Kwenye visanduku vyote aliweka mtandao wa pili, wa Doña Eudocia peke yake, uliokwenda nje moja kwa moja bila kuona kitu kingine ndani ya nyumba. Hapo kikongwe angeweza kuongea na amtakaye. Wilber hakupiga wiki ya kwanza, wala ya pili. Alipopiga, mama yake aliongea naye mlango umefungwa, akatoka macho mekundu, akaomba chai. Nélida hakuuliza walichozungumza.

Jikoni kulikaa bila waifai mpaka alipopata kisanduku kingine. Tetemeko moja la alfajiri lilichomoa kebo ya ua, akashinda mchana kutwa akiitafuta, akaipata, akaikaza. Kila alipobadilisha nenosiri alilisema kwa sauti mara moja, Doña Eudocia akalirudia vibaya, wakacheka.

Jumanne moja, supu ya chairo ikiwa jikoni inatokota, kikongwe akamwomba amwonyeshe hiyo akaunti inavyokuwa. Nélida akakaa kando yake kitandani, akaifungua simu. Yakatokea majina mawili, la simu yake na la simu ya Doña Eudocia, yote chini ya kisanduku cha nyuma. Nélida akaiacha simu yake mapajani mwa kikongwe, akaichukua ile ya kikongwe, akaenda nayo jikoni, akakoroga supu, akarudi.

Doña Eudocia alikuwa bado anatazama kioo.

"Nimejiona nikienda jikoni," akasema. "Na mimi nimekaa hapa."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Na wewe sasa unatuona hivi kila siku?"

Nélida hakuwa amejiuliza. Alikuwa amefurahi tu kwamba mwenye kuona si Wilber tena. Akaichukua simu, akatafuta mahali Edilberto alipowahi kumwonyesha, pale panapoandikwa nani alikuwa wapi na wakati gani, akapazima, akafuta yaliyokuwepo. Majina yakabaki, bila saa, bila vyumba. Akamrudishia kikongwe aone.

"Hivyo ni bora," Doña Eudocia akasema, akaanza kutafuta ndara zake kwa miguu chini ya kitanda ili aende mezani.